Ndagala Hazitiwi Chunguni na Mchanga Wake

Wanangu, juzi mchana kijana mmoja wa kwaya aliingia kibandani kwangu, Kadutu, hapa Bukavu, akihema kwa mteremko aliokuja nao mbio. Mkononi alikuwa na mfuko mweusi wa plastiki, ule wanaofungia nyanya. Ndani ya mfuko, katikati ya chaja mbili za simu na kipande cha sabuni, mlikuwa na kadi ya sauti ya kompyuta ya zamani, Sound Blaster 16, na vumbi limeganda juu yake kama utando wa uji uliopoa. Salamu ya pili haikumtoka. Alikuwa amekwisha inama nyuma ya mashine yangu, anatafuta pa kuichomeka.

"Muzee, tuisikie kwanza tu. Dakika moja. Kisha utaisafisha."

Nilimshika mkono taratibu, kama unavyomshika mtoto anayetaka kuchovya kidole kwenye mchuzi unaochemka.

Maneno hayo, "tuisikie kwanza tu", ni ya zamani kuliko kadi yenyewe. Nilianza kuyasikia nikiwa bado najifunza ufundi, wakati redio za lampu zilipokuwa zikinguruma sebuleni huko Nguba na Muhumba. Mtu alikuwa anaitoa redio stoo, imelala miaka kumi, panya wamezalia humo na wajukuu zao wamekwisha oa, naye kitu cha kwanza ni kuichomeka ukutani. Inaguna, inanuka, inatoa moshi, kisha inabebwa kwangu imefunikwa kitambaa kama maiti. Zikaja za transista. Zikaja kaseti, zikaja amplifaya za makanisa, zikaja televisheni, zikaja kompyuta. Vyombo vimepokezana, sentensi haijabadilika hata neno.

Wala siwalaumu. Mtu aliyenunua kitu kilichokwisha tumika anatoka sokoni na swali moja kifuani: nimepata au nimeliwa? Swali hilo linawasha kama upupu. Nani amewahi kununua asali barabarani akafika nayo nyumbani bila kulamba? Tamaa ya kusikia ni tamaa nzuri, na bila hiyo mimi nisingekula. Shida yake ni kwamba inataka kupita mlango mmoja na umeme, na umeme haujui kungoja wala kusamehe.

Mjue kwanza kitu chenyewe, maana mtu hukiheshimu anachokijua. Kadi hizi zina ukoo. Sim Wong Hoo alianzisha kampuni ya Creative huko Singapore mwaka 1981, na mwanzo wake ulikuwa duka la kutengeneza kompyuta, kazi ya mikono kama hii yangu. Sound Blaster ya kwanza ilitoka mwaka 1989, mwaka ule ule ambao bwawa la Ruzizi II lilianza kutoa umeme huku kwetu. Kabla ya kadi za namna hiyo, kompyuta nyingi za ofisini zilijua kulia "pii" na basi. Mwaka 1992 ikaja Sound Blaster 16, yenye uwezo wa kurekodi na kucheza sauti kwa vipimo 44,100 kila sekunde, sawa na CD. Sim Wong Hoo alifariki mwanzoni mwa 2023, na kazi ya mikono yake bado inafika Kadutu ndani ya mfuko wa nyanya.

Kadi ya huyu kijana ilikuwa na kipande cheusi cha Yamaha kilichoandikwa YMF262. Niliposugua vumbi kwa kidole na kuyaona maandishi hayo, moyo wangu ulifurahi. Kipande hicho hakipakui sauti iliyopikwa mahali pengine. Kompyuta inakiletea maagizo tu, noti hii, kwa muda huu, kwa nguvu hii, nacho kinapika sauti papo hapo. Nyimbo za kwaya yao zilipangwa hivyo miaka mingi iliyopita na kuwekwa katika diskete, kwenye kompyuta ya Pentium ambayo kadi yake ya kwanza ilikufa. Ukizipeleka nyimbo hizo kwenye kompyuta mpya zitaimba, lakini kwa koo la mtu mwingine, na wale akina mama wa sauti ya kwanza wanajua mara moja kwamba kinanda si kile walichokizoea. Kwa hiyo kijana hakununua kichezeo. Alinunua koo la kwaya, na ndiyo maana nilimzuia mkono.

Sasa twende jikoni. Mke wangu akinunua ndagala, wale samaki wadogo, huzimwaga kwenye beseni na kuzipitisha maji matatu. Maji ya kwanza yanatoka na mchanga, ya pili yanatoka na vichwa na magamba, ya tatu yanatoka karibu meupe. Mtoto mwenye njaa anasimama pembeni akiuliza kwa nini hazitiwi chunguni upesi. Lakini fikirini: mchanga ukiingia chunguni haukai ndani ya samaki peke yake. Unaingia kwenye mafuta, kwenye nyanya, kwenye kitunguu, na mkaa ulioununua umekwisha geuka majivu. Unatupa chungu kizima kwa ajili ya kiganja cha mchanga ambacho maji matatu yangekiondoa. Kadi ya sauti ni ndagala. Chungu ni kompyuta.

Niliona chungu hicho kikitupwa. Miaka mingi iliyopita mteja mmoja alikuwa na mashine ambayo ndani yake aliandika majina ya watoto wote waliobatizwa katika mtaa wao, na madeni ya ushirika wa akina mama, na barua zake. Alipata kadi ya sauti kwa bei ya mboga. Aliichomeka nyumbani, mashine ikiwa inawaka, kwa sababu hakutaka kuizima na kungoja iamke tena. Alisikia mlio mmoja mdogo, "tap", kama punje ya mahindi kwenye mafuta. Kadi ilikufa, bodi kubwa ikafuata, na mambo yaliyokuwa ndani hatukuweza kuyatoa yote. Alikaa kwenye benchi langu akirudia kwamba ilikuwa dakika moja tu. Ilikuwa dakika moja kweli. Mashine ile ilikuwa imepona uporaji wa vita vya 1996, imefichwa chini ya kitanda nyuma ya magunia ya maharage, ikaja kuuawa na mwenyewe aliyeipenda.

Basi sikilizeni namna ya kupitisha maji matatu.

Maji ya kwanza ni macho na brashi kavu. Toka nje penye mwanga. Kabla ya kugusa lolote, andika au piga picha vifuniko vidogo vya jampa vimekaa wapi, kwa kuwa mwenyewe wa zamani aliviweka hivyo kwa sababu yake. Kisha piga vumbi kwa brashi laini ya rangi, ukielekeza chini, pole pole. Vumbi la huku si vumbi tu. Kiangazi kinaleta udongo mwekundu wa barabara, jiko la mkaa linaongeza masizi yenye mafuta, na masika ya kwetu, yanayoanza Septemba na kwenda hadi Mei, yanaleta unyevu unaolifanya vumbi lile kuwa kama udongo wa mfinyanzi. Udongo wenye unyevu unapitisha umeme pale usipotakiwa. Ndiyo maana kadi chafu inaweza kuwa nzima kabisa na bado ikafa siku ya kuwashwa.

Ukishapiga vumbi, angalia vile vikopo vidogo vya duara, kapasita. Kichwa chake kiwe bapa. Kikivimba kama mandazi, au ukiona ukoko wa kahawia miguuni mwake, kimeoza. Na fundi akikipasha moto kwa chuma cha kuchomea, kikatoa harufu ya samaki, ajue dawa ya ndani imevuja kwenye bodi. Tazama pia kutu ya kijani kwenye shaba, hiyo ni kazi ya unyevu.

Maji ya pili ni ya kuosha. Kadi hizi, za aina ya zamani iitwayo ISA, zina meno ya kuchomekea, 49 upande huu na 49 upande ule, yamepakwa dhahabu nyembamba sana. Yasugue kwa raba nyeupe ya wanafunzi, kwa mkono mwepesi, mara chache. Ile raba ngumu ya kufutia wino inakwaruza, itakuondolea dhahabu yote ukidhani unaondoa uchafu. Kisha chukua alkoholi, ile ya isopropili ukiipata, au ile kali ya famasi ya asilimia 90, tia kidogo kwenye mswaki laini na usafishe meno, matundu ya jeki na miguu ya vipande.

Hapa ndipo ninapochoka kidogo, wanangu, lakini nitasema tena. Kanyanga si alkoholi ya kusafishia. Ina maji mengi na mabaki ya mapipa yaliyoipika. Nimeletewa kadi zinazonuka kanyanga kama baba aliyelala njiani. Petroli nayo inayeyusha plastiki. Manukato yanaacha mafuta. Na yule aliyeosha kadi yake kwa sabuni na maji ya ziwa, akaianika juu ya bati saa saba mchana, nilimpa kikombe cha chai kwanza, ndipo nikamweleza.

Zile kadi za mwanzo zina gurudumu dogo la kuongeza na kupunguza sauti, nyuma, karibu na jeki. Humo ndimo vumbi linapojificha. Tia tone la dawa ya kusafishia viungo vya umeme, kisha lizungushe gurudumu mara ishirini, huku na huku, kadi ikiwa mkononi, haijachomekwa popote. Usipofanya hivyo, siku ya kulitumia litakwaruza spika kama kuku anayeparura bati.

Kisha ngoja ikauke. Kivulini, palipo na hewa, tangu asubuhi hadi jioni, na kama ni masika, hadi kesho yake. Isikae kando ya jiko. Mnauliza kwa nini mngoje na alkoholi inakauka upesi? Inakauka juu. Chini ya vipande, mahali jicho lisipofika, inakaa. Mama zetu wanaloweka muhogo mchungu siku tatu, hata nne, na mwenye haraka akiutazama siku ya pili anaona umekuwa laini, anadhani umeiva. Huko Kwango, magharibi ya nchi yetu ya Kongo, kuna ugonjwa unaoitwa konzo: miguu inapooza, na haipati nguvu yake tena. Unawapata watu waliokula muhogo mchungu usiolowekwa vya kutosha, mara nyingi kwa sababu njaa haikuwaachia siku zote za kuloweka. Kungoja ni sehemu ya mapishi, kama chumvi na moto.

Maji ya tatu ni kipimo, na hapa ndipo wengi wanaruka. Chukua multimeta, iweke kwenye ohm. Shika kadi upande wa nyuma, ule usio na vipande, na uhesabu meno ukianzia kwenye bati la jeki. Jino la 1 ni ardhi. Jino la 3 ni volti 5. La 7 ni volti 12 za hasi, la 9 ni volti 12 za chanya. Pima kati ya ardhi na kila mojawapo. Namba ikianza chini na kupanda, ni kapasita zinajaa, usiogope. Ikikaa sifuri na kugoma hapo, kuna mahali umeme umeunganishwa na ardhi. Kadi hiyo usiichomeke, hata kama mwenyewe anakuapia kwa jina la mama yake kwamba ilikuwa inaimba jana.

Nilimpimia kijana wangu mbele ya macho yake. Volti 5, sawa. Hasi 12, sawa. Chanya 12: sifuri, imekaa kimya. Akanitazama. Nikamwonyesha kwa ncha ya bisibisi kipande kimoja kidogo cha manjano, umbo la tone la maji, kapasita ya tantalamu. Hizo zina tabia yake. Hazivimbi wala hazivuji, zinakaa nzuri kama bibi harusi, kisha zikichoka zinajifunga zenyewe, na ukizipa umeme zinalipuka kwa moto mdogo mweupe. Brashi isingeionyesha. Macho yangu nayo, pamoja na miaka yote hii, hayakuiona.

"Kwa hiyo ile dakika moja..." akasema, hakumaliza. Sikummalizia. Nilimwambia aende nyumbani arudi kesho, kwa kuwa ile kapasita ilihitaji kutolewa na nyingine kuwekwa, na alkoholi ilikuwa bado haijakauka. Aliondoka bila kusikia hata noti moja. Najua ilimuuma. Kwa maoni yangu hiyo ndiyo kazi ngumu kuliko zote siku ile, na aliifanya yeye.

Jana alifika kabla sijafungua; kapasita nilikuwa nimekwisha kuibadilisha. Umeme ulikuwa umerudi sasa hivi, taa za jirani zinapepesa, naye akataka tuanze. Tukakaa. Umeme wetu ukirudi baada ya kukatika unakuja kama maji ya bomba lililokauka, kwa kukohoa na kurusha matope. Upe dakika kumi na tano utulie. Tulikunywa chai.

Kisha tukachomoa waya wa mashine ukutani. Kuizima kwa kitufe hakutoshi, kwa sababu mashine nyingi zilizokuja baadaye zinabaki na volti 5 ndani hata zikiwa zimelala. Nikagusa bati la mashine kwa kiganja ili umeme wa mwili ushuke, nikakalisha kadi kwa kubonyeza pande zote mbili kwa usawa mpaka meno yakazama. Kwa kipimo cha kwanza usivae vifaa vya masikio. Baadhi ya kadi za zamani zina amplifaya yake, na zikiamka zinapiga kishindo. Tumia spika ndogo, ya bei rahisi, ambayo ikifa hutalia. Kisha uieleze kompyuta kadi inakaa wapi: kwa Sound Blaster, mlango 220, namba 5, njia 1, ndivyo wengi walivyoziweka, na hapo ndipo ile picha ya jampa inapokulipa.

Sikiliza upande wa kushoto peke yake, halafu wa kulia peke yake. Sikiliza ukimya pia, maana kadi yenye ugonjwa inanguruma hata isipoambiwa kitu. Sauti ikiwa nyembamba, haina besi, kama mtu anayeongea kwa simu, kapasita za njia ya sauti zimekauka. Jaribu kurekodi. Halafu iache iimbe nusu saa, kwa kuwa kuna magonjwa yanayojificha wakati wa baridi na kujitokeza kadi ikipata joto. Mnunuzi wa ng'ombe anataka kumwona akitembea, si akiwa amesimama.

Iliimba. Kijana aliweka diskete ya kwanza, na wimbo wao ukatoka kwenye kile kipande cha Yamaha, mkali kidogo, wa shaba, na kila mahali ambapo kwaya inapumua, nao ulipumua. Aliinamisha kichwa akawa anaimba sauti ya tatu kwa midomo iliyofungwa. Mwanamke anayeuza mkaa mbele ya kibanda aliacha kupima akasikiliza. Nawaambia kweli, miaka yote hii sijazoea saa hiyo, na naomba nisiizoee.

Lakini mawaidha ni mawaidha, na mwisho wake niwape kama ulivyokuwa. Wimbo ulipokwisha, kijana huyo huyo, macho yakiwa bado yana maji ya furaha, alitia mkono mfukoni akatoa kaseti. Ni sauti ya mwalimu wao wa kwanza wa kwaya, marehemu, akiwafundisha wazazi wao. Sanduku lake limepasuka, utepe una ukungu mweupe pembeni, na kaseti pacha yake haipo duniani. Akaupeleka mkono moja kwa moja kwenye kinanda changu cha kaseti, ambacho sijakisafisha kichwa tangu Krismasi.

"Muzee, tuisikie kwanza tu..."

Akajisikia mwenyewe. Mkono ukasimama hewani. Alinitazama, nami nikamtazama, tukacheka sana sote wawili, na yule mama wa mkaa akacheka bila kujua kwa nini. Nilimsogezea pamba na chupa ya alkoholi, yeye akavuta benchi akakaa. Kaseti tuliiweka mezani, kivulini, mbali na chai. Leo mchana anarudi. Nimekwisha osha kichwa na magurudumu ya kinanda, na nimemtafutia sanduku jingine la kaseti, zima, la skrubu, tuhamishie utepe humo kabla haujaguswa na chochote.

Nanyi mlio na kitu cha zamani ndani ya mfuko mweusi, kiwe kadi, kiwe redio ya babu, kiwe kaseti: njooni nacho hivyo hivyo kilivyo. Benchi lipo.